Tiyo Iliyolala Majini

Watu wengi wanaofulia kwa mashini hawajui maji yanatokaje ndani. Wanajua yanaingia, kwa sababu wanayasikia. Wanajua yanatoka, kwa sababu nguo wanazikuta zimekamuliwa. Hapo katikati hawajui kitu, na hapo ndipo ulipotoka ugali wa nyumba yangu kwa miaka zaidi ya ishirini.

Nitaeleza kwa kifupi, maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Chini kabisa ya mashini kuna pompi ndogo, inatosha kwenye kiganja. Nguo zikimaliza kufuliwa, pompi inaanza kuguna na kuyasukuma maji kwenye mpira mrefu wenye mikunjo. Mpira huo sisi wa Bujumbura tunauita tiyo. Tiyo inapanda kwanza nyuma ya mashini mpaka usawa wa kiuno cha mtu, halafu ndiyo inashuka kwenda kumwaga. Lazima ipande. Kale kamlima ndiko kanakoyazuia maji yasitoke kabla hayajaitwa. Pompi ikisukuma, yanapita. Pompi ikinyamaza, yanabaki ndani na nguo.

Hayo sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha mwaka wa tatu, nikaingia kwenye baiskeli hapo Bwiza, kutoka baiskeli nikaenda kwenye frigo za barafu, na mashini ya kwanza ya kufulia niliifungua kwa kisu cha jikoni. Leo wenye diploma zao wanashuka kutoka milimani kuja kunitafuta Bwiza. Nasema hivyo bila haya. Nilichokipata nilikipata kwa vidole hivi.

Sasa nyumba yenyewe ilikuwa Kinanira, juu kwenye mteremko. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mtumishi wa serikali, tulikuwa tunamwita madamu, anatoka asubuhi anarudi jioni. Alikuwa amenunua mashini ya mtumba, ile ya kuzungusha kitufe kwa mkono, nzito, nzuri. Kule juu maji yanakuja siku yanayotaka yenyewe, kwa hiyo nyumba ina tanki limewekwa juu ya matofali, na siku ya maji linajazwa. Nikaiunganisha mashini na tanki hilo. Hapo hakuna ubishi, nilifanya vizuri.

Madamu akaniambia hataki maji ya kufulia yapotee. Na alikuwa na haki. Ukiishi mlimani, maji ya sabuni humwagi ovyo, unapigia deki, unamwaga chooni. Kwa hiyo nikachukua pipa la bluu nikaliweka nje, ngazi mbili chini ya chumba cha mashini. Karibu na mdomo wa pipa nikatoboa tundu, nikaweka bomba dogo la kupeleka maji ya ziada kwenye migomba iliyoko ukingoni mwa korongo, ua usije ukajaa. Halafu nikaipitisha tiyo dirishani, nikaishusha mpaka ndani ya pipa, chini kidogo ya katikati, nikaifunga jiwe. Maji yakitoka kwa nguvu tiyo inarukaruka kama nyoka, inachafua ukuta. Kwa jiwe ikatulia. Nilikisifu kile kijiwe mwenyewe, nikamwambia madamu kazi kama hii hataiona kwa fundi mwingine.

Tukaijaribu. Pipa lilikuwa tupu. Mashini ikajaza, ikafua, ikamwaga, ikasuuza, ikamwaga tena. Nikachukua begi langu nikaenda.

Mle ndani alikuwamo mwanamke mwingine, yule aliyekuwa anafua. Alikuwa amefulia nyumba hiyo kwa mikono miaka tisa. Siku nilipoleta mashini aliniangalia kama mtu aliyeleta mke mwenza. Alidhani anafukuzwa. Lakini madamu akambakiza, awe anaiwasha mashini, apige pasi, achemshe maharagwe. Basi akazoea.

Haukupita mwezi nikaitwa. Madamu alikuwa akirudi jioni siku za kufua anakuta tanki limekauka, na maji yalikuwa yamekuja juzi tu. Tanki la kutosha watu sita siku nne limekwisha kwa siku moja, na pale chini pipa moja tu la maji machafu. Yale mengine yako wapi?

Nilifika asubuhi. Walikuwa wametoka kupiga deki nyumba nzima, pipa la chini limekombwa. Nikafungua kichujio, nikatoa kifungo cha shati na kibanio cha nywele. Nikaiwasha mashini, nikasimama mpaka mwisho. Ikaenda sawa kama siku ya kwanza. Yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa kwenye kitenge, akaniambia, "Muzee, iyo mashini inakunywa. Ikifika kusuuza inakunywa tu, aishibi. Na inakuwa imenyamaza."

Nikacheka. Mtu asiyejua hata mahali pompi ilipo ananifundisha mimi. Nikamuuliza kama ameishaona mashini inakunywa kimyakimya, akasema ndiyo, ameiona, na si mara moja. Nikamgeukia madamu, aliyekuwa ameshika ufunguo wa gari anataka kwenda kazini.

"Mashini haina tumbo, madamu," nikamwambia. "Kama maji imeisha, tafuta mutu."

Neno mwizi sikulitoa. Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya hilo, kwamba mimi sikusema mwizi. Lakini kila mtu Bujumbura anajua maji yanauzwa. Wanaopata maji wanawauzia wasiopata, kwa bido, lile dumu la njano, mlangoni. Ukimwambia mwenye tanki kavu atafute mtu, umemwambia nani na umemwambia amefanya nini. Yule mwanamke alielewa kabla ya madamu. Alitazama chini, akarudi jikoni kwa maharagwe yake.

Siku alipofukuzwa sikuwepo. Nilisimuliwa na zamu, yule mlinzi wa geti, siku nilipopita kwa kazi nyingine ya jirani. Ilikuwa siku ya maji. Mbele ya geti lile, ng'ambo ya barabara, kuna robine, bomba la maji la watu wote, na wanawake wa mtaa wa chini walikuwa wamepanga mabido yao. Madamu alimtoa mpaka nje ya geti, akamwambia mbele yao kwamba fundi mwenyewe amepima mashini na kasema ni mtu, na kwamba aende akauze maji ya kwao. Zamu alinisimulia kama habari ya mpira. Mimi nikasema, ndiyo dunia, nikaendelea na safari. Hata usingizi haukunipotea siku ile. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Miezi ikapita. Kisha akanipigia simu mwalimu mmoja wa Mutanga Sud, jirani na chuo kikuu, mtu mpole. Akasema mashini yake inajaza maji haijai. Nikaenda. Nikaona pompi nzima, mlango hauvuji, chini pakavu. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, nisubiri. Ikafua, ikamwaga, ikaanza kujaza ya kusuuza. Nikasikia maji yanaingia. Dakika zikaenda, yanaingia tu. Nikaweka kiganja kwenye bati pale chini, kwenye pompi. Baridi, haitetemeki hata kidogo. Pompi imelala.

Nikatoka nje. Mwalimu alikuwa ameipeleka tiyo kwenye shimo la maji machafu, chini ya dirisha, na shimo lilikuwa limeziba na kujaa. Mdomo wa tiyo ulikuwa umezama humo. Na shimo linafurika, maji safi yenye povu kidogo yanapita juu ya saruji yanakwenda kwenye bustani. Nikainama nikaivuta tiyo nje ya maji. Ikakoroma, ikavuta hewa, na maji yakakatika. Ndani ya nyumba nikaisikia mashini inaanza kuzungusha nguo, imeshiba.

Nilibaki nimeinama, tiyo mkononi.

Hakuna mwanaume wa umri wangu hapa mjini asiyejua kunyonya mafuta. Miaka hii ya foleni za esansi, unaingiza mpira kwenye tanki la gari, unavuta kwa mdomo, unatema, unashusha ncha chini, na mafuta yanakuja yenyewe. Yanapanda mlima yenyewe. Hayakatiki mpaka uinue mpira hewa iingie. Mimi nimekunywa esansi kwa njia hiyo, najua ladha yake mpaka leo. Na sikuliona. Pompi ndiyo iliyokuwa inanyonya mara ya kwanza, halafu inanyamaza, na maji ya kwenye pipa yanaziba mdomo wa tiyo hewa isiingie. Yale yanayoshuka yanayavuta ya nyuma yake, kimya, mpaka tanki linakauka. Pipa likijaa, mengine yanapita kwenye tundu langu, kwenye bomba langu, kwenda kwenye migomba. Na mara zote mbili nilipoijaribu ile mashini, pipa lilikuwa tupu, na maji ya kufua mara moja hayakufika kwenye mdomo wa tiyo.

Mwalimu akaniuliza kama ubovu ni mkubwa. Nikamwambia ni mdogo.

Wiki mbili sikufanya kitu. Sitafuti kujipamba hapa. Nilijiambia yule mama ameishapata kazi kwingine, kwamba mtu wa kufua hakosi nguo. Nilijiambia hata yeye angeweza kuwa aliuza bido moja au mawili, nani ajuaye. Nikawa mkali nyumbani. Nikienda kutia udhu msikitini nafungua maji kidogo kuliko wote, kama mtu anayeogopa kuonwa. Mzee mmoja tuliyekua naye akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu vibaya.

Jumamosi moja nikapanda Kinanira bila kuitwa. Nikamwomba madamu ruhusa, nikabeba maji mwenyewe kwa ndoo, nikalijaza pipa la chini mpaka nusu, tiyo imezama na jiwe lake. Nikawasha. Madamu alikuja akasimama mlangoni. Kulikuwa na mfanyakazi mpya, mwanamke mdogo wa mwili, anamenya viazi, akaacha kumenya. Mashini ikafua, ikamwaga, ikaanza kusuuza, ikanyamaza. Nikamwambia madamu aweke mkono kwenye tanki la juu asikie linavyoshuka. Nikampeleka ukingoni. Bomba langu lilikuwa linatiririka kwenye migomba kama chemchemi, na mashini kule juu haina sauti.

"Madamu, ni mi," nikasema.

"Ni we nini?"

"Maji. Ni mi niliyamwaga. Ule mama hakuuza hata bido moja."

Aliitazama migomba, na migomba ile ilikuwa imenenepa, kiangazi chote majani mabichi, kila mtu aliiona na hakuna aliyeuliza. Mwishowe akasema mambo yale yameishapita, amepata mwingine, mimi nitengeneze niende. Nikamwambia ingekuwa vizuri yeye mwenyewe amwite yule mama. Hapo akanigeukia.

"Nimwite nimwambie nini? Nilikuuliza we, fundi. We ndiye uliniambia nitafute mutu. Mi nilitafuta."

Nikafungua lile jiwe, nikalitupa korongoni. Nikalipandisha pipa juu ya matofali, usawa wa kiuno. Nikaikata tiyo fupi, nikaifunga kwa waya mdomo wake uning'inie hewani, juu ya pipa, usiguse maji hata pipa likijaa. Kazi ya nusu saa. Yule mfanyakazi mpya alinitazama mwanzo mpaka mwisho.

Zamu akanionyesha njia ya kwenda kwa yule mwanamke. Alikuwa anakaa mtaa wa chini, upande wa pili wa korongo. Nilipita dukani kwanza nikachukua kitenge, kizuri, kwa sababu sikutaka kwenda mikono mitupu, na kusema kweli nilitaka kitenge kiseme badala yangu.

Nilimkuta nje ya mlango wake, mbele yake mafungu ya makaa kwenye gunia lililotandazwa. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Miaka tisa mikono ile ilikuwa na mapovu. Nikamwamkia, akaitika bila kusimama. Nikamweleza yote: tiyo, pipa, jiwe, yule mwalimu. Alisikiliza akipanga mafungu upya, kubwa kubwa, dogo dogo. Nilipomaliza nikamnyooshea kitenge.

"Iyo nitaivaa nani akiniona?" akasema. "Watasema nimeiba na kitenge."

Nikamwambia nitarudi kwa madamu nimlazimishe amrudishie kazi. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Kazi, akasema, hata akirudishiwa, nani atamwachia funguo. Tangu siku ile hakuna nyumba ya mlimani iliyompa nguo. Alijaribu sita. Kila geti anakuta jina lake limetangulia kufika. Hata majirani zake, akichota maji, wanahesabu mabido yake kwa macho.

Nikamuuliza anataka nini basi.

"Niliitwa mwizi pale ku robine, siku ya maji, watu wote wamesimama," akasema. "We uje pale. Siku ya maji. Useme na mudomo wako, bila kitenge."

Nakuambia ukweli, hilo sikulitaka. Mtu mzima, mwenye mvi, fundi anayejulikana kutoka Bwiza mpaka milimani, nisimame katikati ya wanawake na mabido niseme sijui kazi. Nilimwambia nitafikiri. Akasema sawa, nifikiri, akaendelea na makaa yake. Nikaondoka na kitenge changu kwapani.

Siku ya maji ilikuja Alhamisi. Nilikwenda.

Alikuwa amefika kabla yangu, amesimama pembeni ya foleni, hana hata bido. Wanawake kama ishirini. Nikavua kofia, kisha nikaona ujinga, nikaivaa tena. Nikasema kwamba mimi ndiye fundi wa mashini ya nyumba ile, nikaonyesha geti. Nikasema maji ya nyumba ile hayakuuzwa na mtu. Niliweka tiyo vibaya, maji yote yakaenda kwenye migomba. Nilimwambia mwenye nyumba atafute mtu, na huyu mama hana kosa hata moja.

Robine inatiririka, bido linajaa, hakuna anayelisogeza. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza nimefanya kazi hiyo miaka mingapi. Nikasema zaidi ya ishirini.

"Ishirini," akasema, "na maji bado yanakuzunguka."

Wakacheka, na foleni ikasogea. Nikadhani imekwisha. Lakini akaja mwingine na mabido mawili, anapumua kwa kupanda mlima, na yule mwanamke akaninyooshea kidole, akasema, "Huyu hakusikia. Mwambie."

Nikamwambia. Yote, tangu mwanzo. Wakaja wawili pamoja. "Na hawa." Nikawaambia. Mmoja akauliza kama migomba ilizaa vizuri, wakacheka tena. Kila aliyefika akawa ananyooshewa kidole. Siku ile alipotolewa geti likafungwa, watu hawa walikuwa wamebeba habari nyumbani kila mtu na bido lake, na yeye alikuwa anawakumbuka kwa sura, mmoja mmoja. Jua likapanda. Sauti yangu ikawa inakauka. Mara ya saba au ya nane maneno hayakuwa tena na aibu wala kitu, yalikuwa kazi tu, kama kukaza skrubu.

Geti la madamu likafunguka, akatoka yule mfanyakazi mpya na mabido ya kujaza. Alikuwepo Jumamosi, aliona kwa macho yake. Hata hivyo kidole kikanyooka.

"Na huyu."

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza. "Na mi, siku tanki itaisha, nitasema nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za pompi na hewa. Yule mwanamke wa makaa hakuningoja. Alimsogelea, akaanza kumwambia kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayemweleza mdogo wake njia. Asiache kamwe mdomo wa tiyo ulale majini. Mashini ikinyamaza na maji yanaingia, aende nje kwanza, atazame tiyo, aivute. Na akiona tanki linashuka bila sababu, asingoje jioni, amwite zamu, awaite na majirani waje waone kwa macho yao, kabla madamu hajarudi na kabla fundi hajaja. Alirudia hilo la mwisho. Mwenzake akawa anaitika kwa kichwa, mabido matupu mikononi.

Mimi hawakunihitaji tena. Nikangoja kidogo, labda ataniambia neno. Hakuniambia. Akavuka barabara, akateremka kwenye makaa yake.

Mpaka ninapoandika haya, nyumba mbili tu za mlimani zimempa nguo, na si nyumba kubwa. Madamu hanipigii simu tena. Makaa ya nyumbani kwangu sasa nayanunua kwake, ingawa ni mbali na Bwiza na mke wangu ananisema. Salamu yangu anaitika. Mara ya kwanza nilipokwenda alinipimia fungu dogo kuliko la mteja aliyenitangulia, nikaliona vizuri, na yeye aliona kwamba nimeliona. Nikafungua mfuko, akaniwekea.